Koti Lililongoja Neno Moja

Shule yetu iliitwa shule ya usiku, lakini usiku wenyewe hatukuwahi kuuona humo. Miaka ile Kigali ilikuwa na amri ya saa za kila mtu kuwa kwake, kwa hiyo mwalimu alifungua somo saa kumi na nusu na kulifunga jua likiwa bado limekaa juu ya mlima linatutazama. Hata hivyo cheti changu kimeandikwa shule ya usiku, kina mhuri, na mimi si mtu wa kubishana na mhuri. Mimi ni mhitimu wa usiku, nimesoma mchana, na Kiingereza changu kinang'aa saa zote ishirini na nne.

Ilikuwa kati ya mwaka wa tisini na mbili na tisini na tatu. Darasa lilikuwa la kuazima, chumba cha shule ya msingi kule Nyamirambo, na madawati yalikuwa ya watoto wadogo, hata tukikaa magoti yetu yanafika masikioni. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Sitataja jina la mtu. Mwaka uliokuja baadaye ulileta mambo ambayo kalamu yangu, kwa kuwa ni kalamu ya kucheka, haina mabega ya kuyabeba, na wengine wa darasa lile sikuwaona tena. Humu nawataka wakae kama walivyokuwa: magoti masikioni, wakinicheka.

Mchana nilikuwa mpiga pasi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi cherehani pale Biryogo, na nikisema fundi sisemi mtu wa kutia viraka. Mjomba alimtazama mtu akivuka barabara, na kabla hajafika upande wa pili alishajua kiuno chake, urefu wa mkono wake, na kama ameamka vizuri na mkewe. Mimi nilikuwa nyuma ya duka na pasi ya mkaa yenye uzito wa ndama. Miaka minne nilinyoosha suruali za maarusi na kanzu za Ijumaa. Nguo zote nilizopiga pasi zikifungwa moja kwa nyingine zitaizunguka Rwanda yote, na zitabaki za kufunika kipande cha Burundi.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: futi, ule utepe wa kupimia ambao fundi huuning'iniza shingoni. Katika duka la mjomba, mwenye futi hukaa mbele, huongea na wateja, huwashika mabega, huitwa fundi. Asiye na futi huitwa "wewe". Mjomba alikuwa na futi mbili. Moja ilikuwa shingoni mwake, imekwisha namba kwa kupimia watu. Ya pili ilikuwa kwenye droo ya cherehani, ya manjano, mpya, haijawahi kumgusa mtu. Hiyo ya drooni ndiyo niliyoiota.

Kiingereza nacho nilikifuata kwa ajili ya futi. Wateja wakubwa wa mjini walisema Kifaransa, na Kifaransa cha kupimia suruali mjomba alikuwa nacho. Lakini watu wa Kiingereza walikuwa wameanza kuonekana mmoja mmoja, na pale Biryogo hakuna aliyeweza hata kuwauliza kama wanataka mfuko wa nyuma. Nikajiambia, mlango huo hauna bawabu. Nikajiandikisha.

Neno la kwanza alilotuandikia mwalimu ubaoni lilikuwa "good". Mwalimu alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi kuliko suruali yoyote niliyowahi kuishika. Akasema hilo ndilo neno ambalo Mwingereza akilisahau nyumbani hawezi kwenda sokoni. Nikalipenda papo hapo. Sisi tukitaka kusifu lazima kwanza tufikiri. Kisu ni kikali, nyama imenona, chai tamu, mtoto mwema, msichana mzuri, safari njema, hoja barabara. Kila kitu na sifa yake, kama kila mguu na kiatu chake. Kwa Kiingereza kisu good, nyama good, chai good, mtoto good, hata mvua good. Neno moja limebeba yote, gunia moja la kuhamishia harusi nzima.

Nikatenga daftari la good peke yake. Palikuwa na good ya asubuhi, ambayo huisifu asubuhi hata kama mvua inapasua mabati. Palikuwa na good ya mwalimu anayesahihisha bila kusoma, fupi kama chafya. Good ya mtu anayeangalia saa, ambayo maana yake ni kwamba umesema vya kutosha, nenda. Good inayovutwa taratibu, ya mtu aliyekula akashiba. Siku moja mwalimu aliandika sentensi ya jirani aliyeondoka "for good", na darasa zima likafurahi kwa niaba yake, tukidhani huko alikokwenda amepata kazi. Mwalimu akatuambia maana yake ni kwamba jirani hatarudi kamwe. 

"Hiyo good iko mubaya, mwalimu," akasema mama niliyegawana naye dawati. Alikuwa na kiduka cha maziwa, mzaliwa wa Kabuga, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali halisi. Mimi alinipa jina la Mutu ya Pasi. Akiona daftari langu alitikisa kichwa na kusema good zangu ziko mingi kuliko maziwa yake.

Nilikuwa nikipiga pasi nikiliimba daftari lile. Kola, good. Mkono, good. Pindo, good. Mjomba mbele alikanyaga cherehani yake. Mara moja tu nilimsikia akimwambia mteja asiogope, mpwa wake ameshikwa na jini la Kizungu, halina madhara, linajua neno moja.

Sasa lazima nieleze adabu ya duka lile, maana bila hiyo msiba wa koti hautaeleweka. Mjomba hakuwahi kuisifu kazi ya mkono wake. Fundi akijisifu, alisema, sindano inasikia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mteja alivaa nguo ikamkaa kama ngozi ya kuzaliwa nayo, akajigeuza mbele ya kioo, akauliza, fundi, unaionaje? Mjomba alitazama pembeni na kusema ah, ni nguo tu, nimejaribu. Hapo mteja naye alijua zamu yake imefika. Mashallah, fundi, umejaribu nini, umenizaa upya. Mjomba akasema mkono umezeeka. Mteja akaapa kwamba mkono huo uwekwe kwenye sanduku la kioo. Mjomba akakataa, mteja akazidisha, na ngoma ile ya watu wawili ilikwenda robo saa, wote wakatoka nayo wametokwa na jasho la furaha. Mama wa maziwa aliniambia huko milimani nako ni hivyo hivyo kwa ng'ombe. Mwenye ng'ombe mia akiulizwa husema ana tundama tuwili tumekonda. Kuziimba pembe zao ni kazi ya jirani. Mji mzima uliishi hivyo. Hakuna aliyetufundisha, tuliikuta kwenye maziwa.

Basi akaja mhandisi. Alikuwa mtu wa Afrika Magharibi, ameletwa na kazi za mabomba ya maji, mrefu kiasi kwamba viatu vyake viliingia dukani kwanza na kichwa kikafuata dakika moja baadaye. Kifaransa hajui, Kiswahili hajui. Mjomba akageuka nyuma akaniita. "Wewe. Njoo na jini lako."

Nilitoka na pasi mkononi, nimesahau kuiweka. Kwa Kiingereza changu cha miezi mitatu nikaelewa kwamba anataka koti. Na mjomba, ambaye hakuhitaji lugha, alikuwa ameshaona kwa nini amekuja kwa fundi badala ya kununua lililo tayari. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Koti la dukani alilovaa lilimlalia upande mmoja kama mlango uliong'oka bawaba. Mjomba aliliona bega, akajifanya hajaliona, akapima kama anavyompima mtu yeyote.

Alilishona majuma matatu. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya majivu. Begani kushoto aliongeza pamba unene wa kidole, kola akaishusha upande mmoja kwa kadiri ya unywele, bitana, kitambaa cha ndani, akaikata upya mara mbili. Mimi ndiye niliyelipiga pasi bega lile, kwa hiyo najua. Kwa macho huoni kitu. Kwa vidole ndipo unajua kwamba kuna mtu amefikiriwa.

Siku ya kujaribu, mhandisi alilivaa akasimama mbele ya kioo. Mtu alinyooka. Nasema alinyooka mpaka mlima wa Kigali kule nyuma ukaonekana umepinda. Akajigeuza. Akalipapasa bega lake la kushoto kimya, akalipapasa tena. Kisha akamgeukia mjomba na kumuuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia mgonjwa, kama koti ni good.

Mjomba akatazama pembeni. "Ah, ni koti tu. Nimejaribu."

Na mimi, mkalimani mwaminifu kama kioo, nikatafsiri kila neno, hata ile ah. Nikamwambia mhandisi kwamba fundi anasema si good, ni koti tu, amejaribu.

Tukangoja mashallah yetu.

Mhandisi alijitazama tena kiooni. Akalivua koti taratibu, akalikunja kwa heshima, akaliweka juu ya cherehani. Akamshika mjomba mkono, akashukuru, akainama mlangoni, akaenda. Mjomba akabaki mkono hewani, midomo imekaa tayari kukataa sifa ambazo hazikuja.

Miaka thelathini mjomba hakuwahi kurudishiwa nguo. Alilitundika koti msumarini juu ya kioo, na likakaa hapo miezi saba. Mafundi wa jirani walipopita walilisalimia koti kwanza, salaam aleikum, koti, hujapata mchumba bado? Kisha ndipo wakamsalimia mwenyewe. Mjomba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alianza kupima watu mara mbili. Alianza kukata polepole, mkasi ukisimama katikati ya kitambaa kama punda aliyeona maji. Asubuhi moja nilifika mapema nikamkuta amelishusha koti, ameligeuza bitana nje, miwani puani, anatafuta kosa. Lilikuwa halina. Alikuwa anatafuta tu.

Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyetafsiri. Akalitundika tena bila kunitazama.

"Kiingereza ndicho kilichomtoa mlangoni," akasema. "Basi kimrudishe. Koti likishuka hapo likavaliwa na mwenyewe, futi ya drooni ni yako. Lisiposhuka, utapiga pasi mpaka mkaa uishe nchini."

Nilimweleza mwalimu siku hiyo hiyo, baada ya kuona aibu miezi saba. Alicheka mpaka akaketi kwenye dawati la mtoto, akanasa, tukamnasua watu watatu. Alipopata pumzi akaacha kucheka. Akasema kwa hao watu fundi ndiye shahidi wa kwanza wa kazi yake. Akiulizwa hujibu good bila haya, na wala si majivuno, ni kama kutaja saa. Fundi wao akisema si good, hapo kesi imekwisha, nani tena wa kumpinga?

"Ulitafsiri maneno," akaniambia. "Adabu uliiacha nyuma ya duka, kwenye mkaa."

Na mtihani ulikuwa umekaribia. Mtihani wa mwalimu yule haukuwa wa karatasi. Kila mwanafunzi alileta kitu kimoja kutoka kwao, akakieleza kwa Kiingereza mbele ya wote, na alileta shahidi mmoja anayejua Kiingereza, ambaye angeuliza swali moja. Ukijibu swali, umepita. Wenzangu walianza kutafuta mashahidi. Mama wa maziwa alikuwa na mtawa wake huko Kabuga. Mimi katika Biryogo nzima sikuwa na mtu, isipokuwa mmoja ambaye alikuwa ametutoka for good.

Kwenye daftari la vipimo mjomba alikuwa ameandika: Remera, nyuma ya uwanja wa mpira, geti la kijani. Jumapili nikaenda kwa miguu. Wanasema nchi yetu ina vilima elfu. Siku ile nilivipanda vyote, na vingine viwili vya akiba, nikionyesha kitambulisho njiani kila nilipoambiwa nionyeshe. Nilikuwa nimekariri sentensi moja ya Kiingereza yenye maneno arobaini, nzuri ajabu, lakini kwenye kilima cha pili ilianza kumwagika, na nilipofika getini nilikuwa nimebaki na good na jasho.

Mhandisi alifungua mwenyewe. Amevaa lile koti la zamani, limelala upande. Alinitambua kwa pasi, akaniuliza iko wapi. Nikamwambia kwa maneno niliyokuwa nayo, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: kwetu anayetengeneza kitu hasemi good. Anasema mwenzake. Tulikungoja useme. Hukusema.

 Kisha akasema polepole ili nimfuate. "Nilidhani ameona kitu ambacho mimi sikioni. Yeye ndiye fundi."

Akaniambia kwamba maisha yake yote hakuwahi kujiona kwenye kioo amenyooka, isipokuwa siku ile. Na fundi aliposema si good, alimwamini fundi kuliko kioo. Aliuliza watu wa kwetu husemaje zamu yao ikifika. Nikamfundisha. Akakubali kuwa shahidi wangu. Nilikuwa tayari nimeanza kuruka ruka pale getini aliponishika bega.

"Lakini koti sitalichukua kwa maneno yako," akasema. "Nataka kulisikia kwa aliyelishona."

Nikarudi na nusu ya ushindi, na nusu ya ushindi ni nzito kuliko pasi. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho huku akitunga uzi.

"Basi litakaa," akasema. "Sikujisifu mbele ya baba yangu, nitajisifu mbele ya mabomba?"

Nikamwomba basi aniruhusu nilipeleke tu, liwe kitu changu cha mtihani. Akafikiri. Akasema koti lake halitembei peke yake, atakuja nalo.

Siku ya mtihani alilifunga kwenye shuka jeupe, akalibeba mikononi kutoka Biryogo mpaka shuleni kama anayepeleka bibi arusi. Njia nzima watu walimpisha. Akakaa kwenye dawati la nyuma, magoti masikioni, shuka mapajani. Mhandisi alikuja, akainama mlangoni, akaketi kwa mbele. Wakatikisiana vichwa. 

Mama wa maziwa alitangulia. Alileta chombo cha mti cha maziwa, akakieleza shingo na kifuniko, akasema maziwa yote yaliyolala humo yaliamka good. Mtawa akamuuliza nani alimfundisha kazi hiyo, akajibu mama yake, akakaa, na alipopita karibu yangu akaninong'oneza, "Sasa wewe, Mutu ya Pasi. Usiunguze."

Nilikuwa nimepanga kusema good arobaini. Nilipanga koti lile lisifiwe mpaka lione haya. Lakini nilipogeuka nikamwona mjomba pale nyuma, nikaona tayari anatazama pembeni, shingo imejiandaa, na ulimi wangu ukakataa kumvua nguo mbele za watu. Nikaeleza tu. Hii ni kola. Huu ni mkono, umekatwa mara moja. Hii ni bitana, imekatwa mara mbili. Bega hili limelala usiku mmoja chini ya kitambaa chenye maji kabla sijalipiga pasi. Tundu za vifungo zimeshonwa kwa mkono, kila moja kwa muda wa kuchemsha chai. Dakika tano sikusema good hata moja. Mwalimu alikohoa mara mbili kunikumbusha, mara ya tatu nadhani alikuwa anakohoa kweli.

Mhandisi akainua mkono. Alikuwa na swali moja, na hakunitazama mimi. Alitazama juu ya kichwa changu mpaka dawati la nyuma, akauliza kwa sauti ile ile ya chini, maneno yale yale ya dukani, kama koti ni good.

Darasa likageuka. Mimi nikageuka. Nilijua Kiingereza cha kumjibu mara mia, lakini swali halikuwa langu. Safari hii nikatafsiri na adabu yake.

"Mjomba, anauliza koti ni good. Na kwao, Mjomba, fundi asipojibu hakuna mwingine wa kujibu."

Mjomba alitazama pembeni. Pale pembeni palikuwa na ukuta wenye herufi za watoto, a, e, i, o, u. Alizisoma zote. Nikaona midomo yake inaanza kuchukua umbo ninalolijua.

"Ah," akasema.

Nzi mmoja alipita. Nilisikia nyayo zake.

Kisha mjomba akainuka, na dawati likainuka naye, likaanguka. Akaja mbele. Akaishika kola akainyoosha, kola ambayo nilikuwa nimeinyoosha mimi mpaka ingeweza kukata mkate. Akaweka kiganja begani, kushoto, kwenye ile pamba unene wa kidole. Miezi saba alikuwa analitafutia kosa. Akasema, akiliambia koti lenyewe, si mtu:

"Gudi."

Akamgeukia mhandisi. Sauti ikapanda, kidevu nacho.

"Veri gudi."

Mhandisi hakusubiri. Alijua zamu yake. Aliingiza mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto, akafunga kifungo, akanyooka, na dari la darasa lile nusura lipande kumpisha. "Mashallah, fundi," akasema, kwa matamshi ya kwao, akiivuta kama anavuta bomba, lakini ikafika.

Na mjomba, mdomo wake ukiwa na mazoea ya miaka thelathini, akatazama pembeni. "Ah, nimejaribu tu."

Kila jicho likanijia mimi, mkalimani. Safari hii sikutafsiri.

Kelele zilizofuata, nasema kweli, zilisikika Kicukiro. Mama wa maziwa aligawa maziwa kwa darasa lote na kwa mtawa mara mbili. Mwalimu alitia sahihi cheti changu akiwa bado amesimama, na akaniambia kwamba katika miaka yake ya kufundisha hajawahi kumpa mtu cheti cha Kiingereza kwa kunyamaza.

Tulirudi Biryogo mjomba amekunja shuka tupu kwapani. Alitembea katikati ya barabara. Alipowaona mafundi wenzake wamekaa barazani akapunguza mwendo, ili wapate nafasi nzuri ya kuona kwamba hana koti. Kwenye kona ya duka akasimama.

"Sikujisifu," akaniambia. "Ulisikia mwenyewe. Mtu hajisifu kwa lugha ya watu."

Nikasema ni kweli, Mjomba, kwa Kiingereza haihesabiki.

Akafungua droo. Futi ya manjano ilikuwa bado imejiviringa kama ilivyotoka dukani. Alinivika shingoni mwenyewe, akavuta ncha zote mbili zilingane, akarudi hatua moja kutazama kama anavyotazama pindo. Hakusema kitu, na kwa lugha ya duka lile hiyo ilikuwa hotuba.

Kesho yake alikuja mwanamke kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake. Akajigeuza kwenye kioo, akauliza, fundi, unaionaje? Mjomba akatazama pembeni, akasema ni gauni tu, amejaribu. Kisha akakohoa, akanitupia jicho.

"Na fundi mdogo anasemaje?" akauliza.

Nilikuwa nimeinamia meza, pasi mkononi, futi ikining'inia mpaka kwenye mkaa. Namba tatu za mwisho zilikuwa zimeshaungua na sikuwa na habari. Nikainuka na moshi wangu shingoni, nikamtazama yule mama kutoka mabegani mpaka chini, bila haraka, kama mtu mwenye haki.

"Gudi, mama," nikasema.